Waziri wa Sahani

Ujumbe uliingia wakati Fundi ana pini mdomoni, kwa hiyo hakuweza hata kusonya. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mteja, anarekebisha upindo wa gauni la kijani, simu ikaanza kutetemeka juu ya cherehani mpaka ikakaribia kuanguka. Akaidaka kwa mkono wa kushoto, akasoma. Dada yake mkubwa alikuwa ameandika kwenye kundi la familia. Huyo dada wote walimwita Mwenyekiti, maana ukikaa naye chumba kimoja kwa muda wa kunywa chai tu, utatoka umeshapangiwa kazi.

"Wapendwa, Jumamosi tunakutana kwa Mama kwa ile changamoto yetu ya kuoka. Kila mtu aoke kitu kitamu ambacho hajawahi kukioka maishani mwake. Mimi nitaoka pudini yenye rojo ya sukari. Mdogo wetu ataoka keki ya kuloweshwa maziwa. Mama ndiye atakayeonja na kuamua. Fundi, wewe lete sahani kama kawaida."

"Kama kawaida!" Fundi akasema, na pini moja ikamchoma ulimi.

"Pole," mteja akasema kutoka huko juu. "Lakini Fundi, hili gauni mbona linanipwaya kiunoni?"

"Nimekuachia nafasi."

"Nafasi ya nini? Si nilikupa vipimo vyangu?"

"Nguo ikiwa pana naipunguza. Ikikubana, nitaiongezea nini, ngozi yangu? Njoo Jumamosi asubuhi utakuta nimeshaibana."

Mteja akavua gauni, akaondoka amekunja uso, na Fundi hakumwona hata alivyotoka. Damu ilikuwa inamchemka kwa ajili ya sahani.

Na hizo sahani zina habari yake. Ni za Fundi mwenyewe, za plastiki ngumu, zinazotosha ukoo mzima, na hukaa kwenye beseni chini ya meza yake ya kukatia. Kila shughuli ya familia yeye huzibeba kwenda, huzigawa, huzikusanya, huziosha huku wenzake wamenyoosha miguu wanasimuliana nani kapika nini, halafu huzibeba kurudi. Kwa Mama sahani zipo, tena nzuri, nyeupe, zenye mstari wa dhahabu ukingoni, ila zimefungiwa kwenye kabati la vioo kwa ajili ya wageni, na ufunguo unalala ndani ya mkoba mweusi wa Mama. Ukizitaka atakuuliza, "Kwani nyie ni wageni?" na mazungumzo yameisha. Mdogo wao wa mwisho, aliyezaliwa na maneno tayari mdomoni, alishampa Fundi cheo: Waziri wa Sahani. Watu huvunjika mbavu. Fundi naye hucheka, lakini akirudi nyumbani hushona kwa hasira mpaka uzi unakatika.

Yote yalianza siku Mama alipostaafu. Mama alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, mwanamke wa kuonja sufuria la kulisha mabweni yote na kukwambia ni msaidizi gani aliyekatakata vitunguu. Siku hiyo Fundi alimpikia mchuzi. Mama akaonja, akaweka kijiko chini, akanywa maji. Akanywa tena. Kisha akamshika Fundi mkono, akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, wewe Mungu kakupa mikono ya kushona." Angemfokea ingekuwa afadhali. Tangu hapo Fundi akipeleka chakula kwa Mama, Mama ameshiba. Aende asubuhi, ameshiba. Aende mchana, ndiyo kwanza amemaliza kula. Mama alipolazwa, wenzake walipika kwa zamu, na kazi ya Fundi ilikuwa kuosha vyombo vilivyorudi kutoka hospitali. Hilo ndilo lililokuwa linamla ndani. Sahani angezibeba mpaka uzeeni bila kinyongo, kama angejua kwamba siku moja Mama atakula hata tonge moja lililotoka mkononi mwake.

Basi akabonyeza kitufe cha sauti na kusema, "Mwenyekiti, mimi sileti sahani. Jumamosi na mimi naoka. Siku njema."

Mdogo mtu akatuma vikatuni vya kucheka mpaka vikajaza kioo. Baadaye Mwenyekiti akaandika: "Sawa mdogo wangu, hakuna aliyekukataza. Basi wewe utaoka keki ya kukunja. Ile nyembamba, inapakwa jamu na krimu halafu inaviringishwa. Ila ikipasuka, sahani ni zako maisha na hatutaki kusikia manung'uniko. Safari hii sahani nitaleta mimi. Kwani sahani ni kitu gani?"

Fundi keki hiyo alikuwa ameiona mara moja tu, kwenye kioo cha duka, akapita zake. Akajibu "Sawa" na kurudi kwenye upindo wa gauni.

Alhamisi jioni akaanza majaribio. Mume wake, Baba Watoto, alikuwa nyumbani. Ni dereva wa lori, yuko mapumzikoni, mtu mpole asiye na haraka hata akiwa barabarani, na watoto wao walishakua wakahamia kwao. Fundi akampa kazi mbili: kushika simu iliyokuwa na video ya mapishi, na kuandaa oveni.

Sasa, oveni ya nyumba hiyo haikuwahi kuoka kitu. Tangu inunuliwe ilikuwa kabati. Ndani yake kulikaa vikaango, mifuniko isiyo na masufuria, na bunda la karatasi ambazo Fundi hukatia mitindo ya nguo, maana palikuwa pakavu na panya hawafiki. Baba Watoto akatoa vitu, akavipanga mezani kwa utaratibu wake, akawasha. Fundi akawa anapiga mayai na sukari, na ndani ya video dada mmoja mwenye meno meupe anawaambia watu, "Ni rahisi wapenzi wangu! Rahisi, rahisi, rahisi!"

Moshi ukaanza kutoka.

"Ulitoa vitu vyote?" Fundi akauliza.

"Nilivyoviona."

"Na ambavyo hukuviona?"

"Mke wangu, ambavyo sikuviona ningevitoaje?"

Kulikuwa na mfuniko wa kopo la plastiki umejibanza nyuma kabisa. Uliyeyuka wote na kudondokea chini. Walifungua madirisha, wakapepea na karatasi za mitindo, wakakohoa, wakagombana kidogo, wakaoka hivyo hivyo kwa sababu mayai yalikuwa yameshapigwa. Keki ikatoka inanuka kama ndoo mpya iliyosahauliwa juani. Fundi alipojaribu kuikunja ikakatika vipande viwili, tena kwa mlio. Akasema ni sababu ya ule mfuniko. Baba Watoto alikubali haraka sana, maana afadhali alaumiwe mfuniko kuliko aliyeusahau ndani.

Jumamosi asubuhi oveni ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa, na visingizio vimekwisha. Mkutano kwa Mama ulikuwa saa tisa. Fundi akajifunga kitambaa kichwani, akamwagiza Baba Watoto aanzishe video upya.

"Unga, kikombe kimoja," dada wa video akasema, "kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu."

Fundi akajaza kikombe, akasawazisha kwa mgongo wa kisu, akamwaga. Halafu akachovya tena kwenye mfuko, akaongeza kidogo cha juu. Sukari hivyo hivyo. Alifanya bila kuwaza, kama mtu anavyofunga mlango akipita. Keki ilipoingia, dada wa video akasema itoke ikiwa bado laini, ukiigusa inarudi. Ikafika wakati wake. Fundi akachungulia, akaiona imepauka, akaiachia dakika kidogo zaidi ili asije akaaibika na keki mbichi.

Akaipindulia juu ya taulo la jikoni lililonyunyizwa sukari. Akashika ncha, akaanza kukunja. Mkunjo wa kwanza ulikubali. Wa pili ukatoa ufa mdogo, kama nywele. Wa tatu keki ikapasuka kutoka upande mmoja mpaka mwingine, na vipande vikalala pale mezani vimetazama juu.

"Sasa wapenzi wangu," yule dada akasema akitabasamu, "mmeona ilivyo rahisi?"

"Rahisi kwako!" Fundi akaifokea simu. "Rahisi kwako wewe mwenye jiko kubwa kuliko nyumba yangu! Mzime huyo! Baba Watoto, mzime kabla sijaitia simu yako kwenye maji!"

Baba Watoto akazima. Akachukua kipande, akakitafuna kwa muda mrefu. "Utamu upo," akasema. "Ngumu kidogo."

"Ngumu kidogo ndiyo nini? Hii ni keki au ni soli ya kiatu?"

Baba Watoto akaamua kuendelea kutafuna. Hapo hapo simu ya Fundi ikalia. Mwenyekiti alikuwa ametuma picha ya pudini yake, inang'aa, rojo inatiririka pembeni kama kwenye matangazo, na chini yake ameandika: "Fundi, vipi huko? Usione haya kusema, bado mapema." Fundi alisoma, akatupa simu kwenye rundo la mabaki ya vitambaa, akashika kiuno akitazama dirishani. Machozi yalikuwa karibu, akayakataza. Alijiona tayari amebeba beseni. Alimwona na Mama, anamtazama kwa ule upole wake, anasema ameshiba.

Mlango ukagongwa. Ni yule mteja wa gauni la kijani.

Fundi alikuwa amelibana kweli, usiku uliopita. Mteja akalivaa nyuma ya pazia, akatoka, akavuta kiuno kwa vidole viwili. Kitambaa kikaja kama pazia lenyewe.

"Bado linapwaya, Fundi."

"Nimelipunguza."

"Umelipunguza, halafu?"

"Halafu nimekuachia kidogo tu. Ya tahadhari."

Mteja akashusha pumzi. Alikuwa mwanamke mvumilivu, lakini gauni lilikuwa la harusi ya mtoto wa kaka yake, na harusi ilikuwa jioni hiyo. "Fundi, wewe ni mtu wangu na kazi yako naipenda. Lakini niambie, hivi kipimo huwezi kukifuata kilivyo? Ukiambiwa kitu lazima uongeze?"

Fundi alifungua mdomo amjibu. Jibu analo, lile la ngozi yake, limelala mdomoni miaka yote. Lakini macho yake yalikuwa yameangukia meza ya jikoni, kwenye kikombe cha unga, na juu ya ukingo wake kulikuwa na kilima kidogo kilichobaki kutoka mkononi mwake.

Unga, na kidogo cha juu. Sukari, na kidogo cha juu. Oveni, na dakika kidogo za tahadhari. Tangu alipofundishwa kushika mkasi ameambiwa usikate kwenye mstari, kata nje ya mstari, acha nafasi ya mshono. Na mkono wake ulikuwa umeliamini neno hilo kiasi cha kulipeleka mpaka jikoni. Kitambaa kilichozidi unakikunja ndani, hakuna anayekiona. Unga uliozidi utaukunjia wapi?

Kisha akakumbuka mchuzi.

"Chumvi," akasema.

"Chumvi gani?" mteja akauliza.

Fundi akakaa juu ya kiti cha cherehani. Chumvi, na kidogo cha juu. Kila sufuria aliyowahi kuiinjika maishani mwake, na kidogo cha juu. Alitaka kucheka na alitaka kuvunja kitu, na hakujua kipi kitangulie. Miaka yote hiyo ameitwa mtu asiye na mikono ya jikoni, naye ameamini, na kumbe kosa lenyewe ni kijiko kimoja chenye kichwa!

"Fundi, unaumwa?"

"Siumwi. Nina hasira tu. Vua gauni."

Akalitia cherehani pale pale. Alipofika kiunoni mkono ulitaka kutoka nje ya chaki, akaurudisha, ukatoka tena, akaurudisha. Alishona juu ya mstari wenyewe huku roho inamtoka. Mteja akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akajigeuza tena. Halafu akasema, "Kumbe unaweza," na sura yake ilikuwa ya mtu ambaye ameibiwa kwa muda mrefu na leo amerudishiwa. Fundi akamsindikiza mpaka mlangoni kwa haraka isiyo ya heshima.

"Baba Watoto! Mayai!"

Mayai yalikuwa yamekwisha. Duka lilikuwa mwisho wa mtaa, na aliyetumwa ni Baba Watoto, mtu anayesalimia kila kiumbe kilichokaa barazani. Fundi alisimama dirishani akimwona anavyokwenda, anasimama, anacheka na fundi viatu, anaulizwa habari za safari, anajibu zote. Akamwita. Hakusikia. Akamwita kwa ile sauti ya kuitia watoto walipokuwa wadogo, na mtaa mzima ukageuka, na Baba Watoto naye. Akarudi na mayai, jasho linamtoka, anasema, "Nilikuwa nakuja."

"Ulikuwa unakuja mwakani. Simama hapa. Kazi yako ni moja. Ukiona mkono wangu unarudi kwenye mfuko, upige."

"Nikupige?"

"Mkono tu! Usianze kufurahia."

Akapima unga. Akasawazisha kwa mgongo wa kisu. Akatazama kikombe kilivyolala bapa, na kilionekana pungufu, kilionekana kama umaskini. Mkono ukaondoka wenyewe kuelekea kwenye mfuko wa unga. Baba Watoto akaupiga. Sukari, akaupiga tena, safari hii kwa moyo zaidi. Mchanganyiko ukawa mwepesi kiasi kwamba Fundi alijua ameharibu, akasema ameharibu, akasema tena, akaumwaga kwenye trei hivyo hivyo na kuuingiza.

Kusubiri ndiko kulikomtesa. Alikaa mbele ya kioo cha oveni kama mtu anayemsubiri daktari atoke. Wakati ulipofika keki ilikuwa bado imepauka, nayo nafsi yake yote ikamwambia iache kidogo.

"Itoe," Baba Watoto akasema.

"Mbichi hiyo."

"Kipimo kinasema itoke."

"Naijua mimi kuliko wewe!"

"Itoe, mke wangu."

Akaitoa huku anamlaani. Akaigusa kwa kidole, ikabonyea, ikarudi juu. Akaipindulia kwenye taulo lenye sukari, akashika ncha zote mbili, akakunja. Sasa hapo, kwenye kukunja, hakuhitaji dada wa video. Amekunja majora ya vitambaa tangu ujana wake; anajua kuvuta kidogo, kulaza, kusukuma kwa kiganja bila kubana. Keki ikaenda, ikaenda, ikamaliza, ikatulia ndani ya taulo lake bila ufa. Ilipopoa akaikunjua, akapaka jamu nyekundu na krimu, akaikunja tena, na miisho iliyokuwa imechongoka akaikata kwa kisu, moja huku, moja kule. Baba Watoto akaila ile miisho akiwa amesimama.

"Vipi?" Fundi akauliza, hamtazami.

Baba Watoto alikuwa anatafuta kama kuna nyingine.

Kwa Mama walifika wenzao wameshakaa. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na kabati la vioo, mkoba mweusi mapajani. Baba Watoto akamwamkia mama mkwe wake, akachagua kiti cha mbali na maneno. Mezani pudini ya Mwenyekiti ilikuwa imezama ndani ya rojo, na keki ya mdogo mtu inaogelea kwenye maziwa ndani ya bakuli kubwa. Fundi akaweka trei yake, akafunua.

Mdogo mtu akainama, akaizunguka keki, akachungulia na chini. "Haijapasuka," akasema, kwa sauti ya mtu aliyenyimwa kitu chake.

"Tusubiri kuonja," Mwenyekiti akasema. Akapiga makofi mawili. "Haya jamani, sahani."

Akamtazama Fundi. Mdogo mtu naye akamtazama Fundi. Hata Mama aliinua macho.

"Mnanitazama nini?" Fundi akauliza.

"Sahani," Mwenyekiti akasema.

"Sahani ulisema utaleta wewe. Uliandika mwenyewe, na watu wote tukasoma. Kwani sahani ni kitu gani?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwona Mwenyekiti akitafuta neno. "Mimi nilidhani... si huwa unakuja nazo?"

"Huwa nakuja nazo!" Na hapo kikombe cha Fundi kikafurika. "Huwa nakuja nazo nimezibeba mimi, kwa shingo hii! Mlidhani zinaota hapa? Mlidhani zinajiosha? Kila siku nawaosheeni mafuta ya chakula chenu kitamu, na leo nimeomba siku moja tu nije na keki kama watu wengine, mtu mzima na kundi lake lote la simu ameshindwa kukumbuka sahani!"

"Usikasirike, si mbali," mdogo mtu akasema. "Shemeji anaweza kuzifuata."

"Mimi hapa ni mkwe," Baba Watoto akasema, na kujiweka vizuri kwenye kiti.

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mwenyekiti akijitetea kwamba mtu hawezi kusimamia shughuli na bado akumbuke vyombo, mdogo mtu akiuliza kama pudini inalika kwa kikombe, Fundi akiwajibu wote wawili. Hakuna aliyemwona Mama akisogeza kiti. Walichosikia ni kisu kugusa trei. Mama alikuwa amekata kipande cha keki ya kukunja na kukichukua kwa vidole, maana ndicho kitu pekee mezani ambacho kingeweza kushikika. Pudini ingemmwagikia mpaka kwenye viwiko.

Fundi alisubiri lile neno, nimeshiba.

Mama akauma. Akatafuna kwa ule utulivu wake wa kazini, macho kwenye ukuta. Hakuomba maji. Akamaliza kipande, akajipangusa kidole kimoja, akakata kingine.

"Umeinunua wapi?" akauliza.

"Mama!" Fundi akapiga meza. "Nimeioka mwenyewe! Kwa mikono hii! Muulize huyo, ana tumbo la ushahidi!"

"Mama, mimi nimekula mbili zilizoharibika," Baba Watoto akasema. "Hii ameoka yeye."

Mama akala cha pili chote. "Umefanya nini safari hii?"

"Nimefuata kipimo."

"Zamani ulikuwa hufuati?"

"Nilikuwa nafuata, halafu naongeza kidogo cha juu. Kama kwenye nguo. Nimejigundua leo asubuhi, nina unga mkononi."

Mama akaacha kutafuna. "Na ule mchuzi wangu?"

"Chumvi, Mama. Kipimo chako, na kidogo cha juu."

Mwenyekiti akaanza kucheka, akaona uso wa Mama, akaacha. Mama alikuwa anamtazama Fundi, na ule upole wake wa siku zote haukuwepo. Alionekana mtu aliyekasirika, ila si kwa mwanawe.

"Nimefundisha wasaidizi mpaka nimezeeka," akasema. "Kila aliyeharibu sufuria nilimwita, nikamwambia pima mbele yangu nione. Hata wavivu niliwaita. Na wewe mwanangu, kuonja mara moja tu, nikakupa sahani."

Fundi alitaka kusema hakuna neno, lakini lilikuwepo neno, na halikutaka kudanganywa.

Mama akafungua mkoba mweusi. Akatoa ufunguo, akainuka kwa kujishika magoti, akafungua kabati la vioo. Mlango ulilia kwa kukaa muda mrefu bila kufunguliwa. Akazitoa zile sahani nyeupe, zote, mstari wa dhahabu ukiwaka ukingoni, na mdogo mtu akanong'ona, "Kwani nani amekuja?"

"Mwenyekiti," Mama akasema. "Njoo ushike sahani."

Mwenyekiti akaja, mikono mbele, akapakiwa rundo mpaka kidevuni.

"Uzigawe. Tukimaliza utaziosha, kwa uangalifu, moja moja, na ikivunjika hata moja mimi na wewe hatutaelewana. Anza na huyo hapo."

Fundi akavuta kiti, akaketi. Akavua viatu, akanyoosha miguu mpaka katikati ya chumba, akasubiri aletewe.